Regyuleta Huamini Waya Wake: Kweli na Uongo Kuhusu Chaji ya Alteneta

Ukikaa kidogo kwenye gereji yoyote ya umeme wa magari, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, utasikia hukumu zikitolewa haraka: betri imekufa, regyuleta imeungua, alteneta imechoka. Mwenye gari anatoa hela, kifaa kipya kinafungwa, na baada ya wiki chache tatizo lile lile limerudi. Kwa mwenye boti jambo ni zito zaidi, kwa sababu injini isiyowaka usiku nje ya mwamba inaweka roho za watu hatarini. Msimamo wangu ni huu: mara nyingi kifaa kinachohukumiwa hakina kosa. Kosa liko kwenye waya.

Ndani ya alteneta kuna rota, yenye koili inayogeuka sumaku ikipewa umeme kupitia kaboni mbili. Sumaku hiyo ikizunguka, koili za pembeni zinazalisha mkondo geu wa awamu tatu, na dayodi sita zinaugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa betri. Regyuleta haigusi mkondo mkubwa unaokwenda kwenye betri. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza ule mdogo unaoingia kwenye rota, ampea tatu au nne hivi. Inajuaje kiasi cha kutoa? Inatazama volti pale waya wake wa kunusia ulipofungwa, basi. Ikiona 13.5 inaongeza, ikiona 14.4 inapunguza. Regyuleta ya kawaida haijui betri ni ya aina gani, ina joto kiasi gani, wala iko umbali gani. Inaamini waya wake, na ukiupa waya huo habari za uongo, itafanya kazi yake vizuri kabisa na bado itaharibu betri.

“Chomoa terminali ya betri injini ikiwaka. Isipozimika, alteneta ni nzima.”

Uongo, na kwa maoni yangu ndio uongo unaokula pesa za watu kuliko wote. Ni urithi wa enzi za dinamo, pale Land Rover na malori ya Bedford yalipokuwa na kisanduku cha regyuleta kilichofungwa kando ya injini, chenye koili na vidole vya shaba vinavyofunga na kufungua. Gari la wakati ule halikuwa na kompyuta ya kuungua. Mambo yalianza kubadilika pale Chrysler ilipoitoa Valiant ya mwaka 1960 ikiwa na alteneta badala ya dinamo, na viwanda vingine vikafuata. Magari yakabadilika, mazoea ya gereji yakabaki.

Betri ndiyo inayomeza mishtuko yote ya umeme katika gari. Alteneta ikiwa inasukuma ampea 40 na wewe ukakata betri ghafla, mkondo ule unakosa pa kwenda. Sumaku ya rota nayo haifi papo hapo. Katika sehemu hiyo ndogo ya sekunde volti zinapaa, na kwenye mfumo wa volti 12 zinaweza kupita 80 ikiwa alteneta haina dayodi maalumu za kuzizuia. Dayodi za alteneta zinaweza kupasuka, regyuleta ikafuata, halafu redio, kompyuta ya injini, na kwenye boti GPS na kile kifaa cha kutafutia samaki. Alteneta iliyokuja nzima inaondoka mgonjwa.

Hata ukibahatika kisiungue kitu, kipimo chenyewe hakikuambii unachotaka kujua. Injini ya dizeli ya boti inayozimwa kwa kuvuta kamba itaendelea kuunguruma hata kama alteneta imekufa kabisa, kwa sababu haihitaji umeme ili iwake.

Chukua mita ya volti, hata ile ya bei ndogo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ya asidi iliyojaa itaonyesha kama 12.6, ikionyesha 12.2 imebakiwa na nusu hivi. Washa injini: itarajie kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa na feni, ongeza mafuta kidogo, utazame tena. Ikishuka chini ya 13.5 na kukaa huko, kuna la kutafuta. Ukimaliza, zima injini, iache ipoe, halafu rudi baada ya saa kadhaa na uguse mgongo wa alteneta. Ikiwa kila kitu kimepoa lakini yenyewe ina uvuguvugu, kuna dayodi inayovuja, na hiyo ndiyo inayomaliza betri yako usiku.

“Betri inachemka, basi regyuleta imekufa.”

Huenda. Lakini kabla ya kununua nyingine fuata waya wa S.

Toyota nyingi zinazobeba abiria huku kwetu, Hiace zikiwa mstari wa mbele, zina soketi ya pini tatu nyuma ya alteneta: IG, S na L. IG inatoka kwenye swichi ya ufunguo na kuiamsha regyuleta. L inakwenda kwenye taa nyekundu ya betri. S ndiyo jicho: inapita kwenye fyuzi yake na kwenda kutazama volti upande wa betri. Mkondo unaopita humo ni mdogo sana, na ndiyo maana waya wake ni mwembamba. Sasa anakuja fundi wa muziki. Anatafuta waya wenye umeme wakati wote, anaukuta huu, anaumenya kidogo, anadandia amplifaya, anazungushia tepu nyeusi. Muziki ukipanda, waya ule mwembamba unabeba mzigo ambao haukutengenezewa, na volti zinapotea njiani. Zikipotea nusu volti, regyuleta inaona 14.2 wakati betri inapokea 14.7. Betri inachemka, maji yanapungua, sahani zinaliwa, na anayelaumiwa ni regyuleta.

Chumvi ya bahari inafanya kazi hiyo hiyo bila fundi yeyote. Kiungo kilichogeuka kijani ndani ya fyuzi kinadanganya vilevile. Waya wa S ukikatika moja kwa moja ni afadhali, kwa sababu regyuleta nyingi za Denso zinatambua, zinawasha taa na kurudi kujitazama zenyewe kwenye posti kubwa ya B, umeme wa alteneta unapotokea. Waya uliokatika nusu hauna onyo.

Chunguza pia betri yenyewe. Ina seli sita, kila moja volti 2.1 hivi. Seli moja ikifa, regyuleta bado inashikilia 14.2, lakini sasa zinagawanywa kwa seli tano, yaani 2.84 kila moja badala ya 2.37. Hizo tano zitachemka bila regyuleta kukosea chochote. Dalili ni kwamba seli moja imetulia wakati jirani zake zinatoa mapovu, na ukizima injini betri inarudi kwenye 10.5.

Joto nalo lina mkono wake. Volti zinazoifaa betri ya asidi hushuka takriban 0.024 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Inayotaka 14.4 kwenye nyuzi 25 inatosheka na 13.9 kwenye nyuzi 45, na chini ya boneti mchana wa Mombasa au Tanga nyuzi 45 si ajabu. Na betri iliyochemka huongezwa maji ya betri yasiyo na madini, haiongezwi asidi. Kilichopotea ni maji, asidi iko ndani bado.

“Nimepima alteneta, inatoa 14.2. Betri inapata chaji.”

Alteneta inatoa, kweli. Kama betri inapata, hilo ni swali jingine kabisa.

Fikiria boti ya mbao ya uvuvi yenye injini ya dizeli ya ndani. Alteneta iko nyuma, betri imehamishiwa mbele ili isipigwe na maji, umbali wa mita tatu za waya. Umeme unakwenda mita tatu na kurudi mita tatu. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 10, ukipitisha ampea 60, volti 0.62 zinaishia njiani zikiwa joto. Alteneta inatoa 14.2, betri inapata chini ya 13.6, na kwa kiwango hicho haitajaa kamwe katika safari ya kwenda na kurudi. Badilisha waya uwe wa milimita za mraba 35 na upotevu unashuka hadi 0.18. Regyuleta ni ile ile, alteneta ni ile ile.

Kipimo chake ni chepesi na ni watu wachache wanaokifanya. Injini ikiwaka na mizigo ikiwa imewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye posti ya B ya alteneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Usome namba: hiyo ndiyo volti inayopotea upande wa chanya, na isizidi 0.3. Kisha weka ncha moja kwenye chuma cha alteneta, pakwanguliwe rangi kwanza, na nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2.

Upande huo wa hasi ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu tumezoea kusema “bodi inatosha”. Kwenye gari, injini imekaa juu ya raba, na inayoiunganisha na bodi ni mkanda mmoja wa nyaya zilizosukwa. Ukioza au ukasahaulika siku injini iliposhushwa, umeme unatafuta njia yoyote, hata kwenye kebo ya akseleta. Kwenye boti ya mbao au ya faiba hakuna bodi ya kupitisha umeme. Waya wa hasi lazima uwe na unene sawa na wa chanya, kutoka injini hadi betri. Na boti inastahili shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu hunyonya unyevu kama utambi na kuwa nyeusi ndani ya plastiki, pale ambapo jicho halifiki.

“Ile taa nyekundu ni ya kuonya tu.”

Inategemea alteneta. Kwenye Bosch nyingi zenye posti ya D+, na Lucas za kizazi cha ACR, umeme wa kwanza wa kuiamsha rota unapita ndani ya balbu hiyo. Ni ya wati mbili au tatu, inayopitisha robo ampea hivi. Ikiungua, au mtu akiibadilisha kwa balbu ya LED isiyopitisha chochote cha maana, alteneta inaweza kukaa kimya mpaka injini ipande mizunguko mingi, au isiamke kabisa. Injini ya boti inayotembea taratibu itakwenda safari nzima bila chaji. Kwenye Toyota yenye pini ya IG, kuamka hakutegemei balbu, kwa hiyo hapo kauli ina ukweli zaidi.

“IG iunge moja kwa moja kwenye betri, na L uipe umeme tu. Inafanya kazi.”

Inafanya kazi siku hiyo. Hii nimeiona kwenye alteneta za gari zilizohamishiwa kwenye injini za boti, jenereta na mashine za kusaga, ambako hakuna swichi ya ufunguo. IG ikiwa na umeme saa zote, regyuleta haijui kwamba injini imezimwa, nayo inaendelea kuilisha rota iliyosimama. Rota ya ohmu tatu kwenye volti 12 hula ampea 4. Betri ya ampea-saa 70 haifiki mbali kwa mwendo huo, na hata regyuleta za kisasa zinazojipunguza bado zinanyonya. Weka swichi, hata ya shilingi chache, au ufunge swichi ya presha ya oili inayokata injini ikisimama.

L ni hatari zaidi. Ndani ya regyuleta, pini hiyo inaunganishwa na hasi pale alteneta isipochaji, ndivyo taa inavyowaka. Ukiipa chanya bila balbu katikati, umefanya shoti kupitia regyuleta. Moshi wake ni wa mara moja.

“Regyuleta ya nje ni regyuleta, yoyote ya volti 12 itafaa.”

Uongo. Wenye boti wanaobadilisha kwenda regyuleta za nje za hatua tatu ndio wanaohitaji kulielewa hili kuliko wengine.

Rota ina kaboni mbili. Kwenye alteneta za aina ya kwanza, kaboni moja imefungwa kwenye chuma na regyuleta inaleta chanya kwenye nyingine. Kwenye aina ya pili, kaboni moja tayari ina chanya kutoka ndani, na regyuleta inadhibiti upande wa hasi. Mafundi wa boti huziita P na N. Ukifunga regyuleta ya P kwenye alteneta ya N, kwa bahati nzuri hutapata chaji. Kwa bahati mbaya utaunguza regyuleta siku ya kwanza.

Kuzitambua si kazi. Tenganisha betri kabisa, ondoa regyuleta ya ndani, weka mita kwenye ohmu. Pima kati ya waya wa rota utakaokwenda kwenye regyuleta na chuma cha alteneta. Ukipata ohmu chache, mbili hadi tano, kaboni ya pili iko kwenye chuma: ni P. Ukikuta hakuna njia ya kwenda kwenye chuma, lakini zipo ohmu chache kwenda B au D+, ni N. Ukipata sifuri tupu, rota au kaboni ina shoti, usiendelee.

Kuna mafundi wanaopima kwa kuilisha rota umeme wote bila regyuleta. Kwa sekunde mbili tatu, macho yakiwa kwenye mita, kipimo hicho ni halali. Zaidi ya hapo volti zinapita 16 na kuendelea kupanda.

“Alteneta kubwa itaua betri.” Uongo kwa betri ya asidi. Volti zikiwa sahihi, betri inachukua inachoweza: ile ya kawaida ya maji, kama robo ya ukubwa wake, yaani ampea 25 kwa betri ya 100, na inapokaribia kujaa kiasi inachochukua kinazidi kupungua. Ndiyo maana pia kuunguruma kwa dakika kumi baada ya kubusti hakujazi betri.

“Regyuleta ya pikipiki ni ndogo tu, kazi ni ile ile.” Uongo. Pikipiki nyingi, na mashine za nje za boti, zina sumaku ya kudumu isiyoweza kupunguzwa nguvu. Regyuleta nyingi za aina hiyo hufunga shoti umeme uliozidi na kuugeuza joto. Zile mbavu za alumini ndizo zinazoipooza. Bodaboda aliyeifunika kwa plastiki ili isilowe mvua ameinyima upepo.

“Fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu na alteneta.” Karibu na betri. Alteneta ya ampea 80 haiwezi kutoa zaidi ya uwezo wake, lakini betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwenye waya uliochubuka, na huo ndio moto. Iwe kubwa kuliko alteneta, 100 hadi 125 kwa hiyo ya 80, maana fyuzi ikikatika katikati ya chaji ni sawa na kuchomoa terminali.

Vivyo hivyo swichi kubwa ya betri kwenye boti: usiipitishe kwenye OFF injini ikiwaka. Na kama una kigawanyi cha dayodi kinacholisha betri mbili, kumbuka kinameza volti 0.7 hivi. Waya wa S ukiwa kabla ya dayodi, betri zote mbili zitabaki na njaa miaka yote. Uhamishie kwenye betri, baada ya dayodi, na tatizo limekwisha bila kununua kitu.

“Isipoonyesha 14 haichaji.” Ilikuwa kweli. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni kompyuta ndiyo inayoiamuru alteneta, na inaweza kuishusha hadi karibu 12.8 barabarani ili kuokoa mafuta, kisha kuipandisha ukikanyaga breki. Usimbadilishie mtu alteneta kwa sababu hiyo. Ukiona kijisanduku kidogo chenye waya kwenye terminali ya hasi, hicho kinahesabu mkondo unaoingia na kutoka. Hasi ya inveta au amplifaya ifungwe kwenye bodi, isifungwe juu ya posti ya betri, la sivyo kompyuta haitauona mzigo huo na hesabu yake itakuwa pungufu.

“Lithiamu unaifunga pale pale ilipokuwa betri ya asidi.”

Volti zinakaribiana: betri ya lithiamu-chuma-fosfati ya seli nne hujazwa kwa 14.2 hadi 14.6. Kwa hiyo muuzaji hadanganyi anaposema itachaji. Tofauti iko kwenye ampea. Lithiamu haijizuii, inachukua chote alteneta inachoweza kutoa, tena kwa muda mrefu. Alteneta ya gari haikutengenezwa kutoa ampea zake zote saa nzima, hasa injini ikizunguka taratibu, ambapo feni yake inapuliza kidogo na rota inapewa mkondo wote. Inaungua. Na kibao cha ulinzi kilicho ndani ya lithiamu kikiona seli zimejaa au zimepata moto, kinakata mara moja, nao mruko wa volti unarudi kwenye dayodi.

Kwa boti na magari ya safari, namna ninayoipendekeza ni kuiacha betri ya asidi ya kuwashia injini ikiwa imefungwa kwenye alteneta kama kawaida. Halafu uweke chaja ya betri-kwa-betri kati yake na lithiamu, iliyowekewa mpaka wa ampea, 30 kwa mfano kwa alteneta ya 80. Lithiamu ikikata, betri ya asidi bado ipo kwenye laini, na regyuleta bado ina kitu halisi cha kutazama.